Tetesi za Benzi za milango miwili: maswali yenu na majibu yake

Barua nyingi zilizofika katika safu hii siku za karibuni zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: kampuni ya Mercedes-Benz inawaandalia nini wapenzi wa magari ya milango miwili, yawe yale ya paa gumu linaloteremka kwa nyuma au yale ya paa la kukunja? Picha za magari yaliyovishwa karatasi za kuficha umbo zinasambaa karibu kila wiki, majina mapya yanatajwa, na kila anayezisambaza ana tafsiri yake. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi. Katika kuyajibu nimejitahidi kuonyesha taarifa ya kampuni inaishia wapi na kukisia kwangu kunaanzia wapi, kwa sababu katika tetesi za magari, kama zilivyo tetesi za usajili wa wachezaji, mpaka huo hufutika upesi sana.

Swali: Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kila mahali nasoma kwamba S-Class Coupe inarudi. Nimeona hata picha za gari jeusi lenye grili kubwa inayowaka. Je, ndilo lenyewe?

Jibu: Gari uliloliona ni Vision Iconic, ambalo Mercedes-Benz ililionyesha Shanghai mwezi wa Oktoba 2025. Ni gari la maonyesho, lenye milango miwili, boneti ndefu na grili iliyosimama wima na kupambwa kwa taa, na ndani yake dereva na abiria wa mbele wanakalia kiti kimoja kirefu badala ya viti viwili. Kiti hicho peke yake kinatosha kukuonyesha kwamba halikuchorwa ili liingie kiwandani kama lilivyo. Hata hivyo si kila kitu chake ni ndoto. Grili ya kuwaka imekwisha kuwekwa katika gari la kuuzwa, nayo ni GLC ya umeme iliyozinduliwa Munich mwezi mmoja tu kabla yake. Kwa hiyo nikilitazama gari hilo la Shanghai, uso wake nauamini, lakini bodi yake naitilia shaka.

Shaka hiyo ina historia. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ilionyesha Vision Mercedes-Maybach 6, gari la milango miwili lenye urefu unaokaribia mita 6, na mwaka uliofuata ikaleta la pili la wazi. Watu waliandika maneno yale yale tunayoyasoma leo, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililofika sokoni. Wakati huo S-Class Coupe halisi ilikuwa bado inauzwa. Ilizinduliwa Geneva mwaka 2014, ikafuatwa na S-Class Cabriolet huko Frankfurt mwaka 2015, ambayo ilikuwa gari la kwanza la wazi la viti vinne katika daraja hilo tangu mwaka 1971. Zote mbili zilikoma pamoja na kizazi chao, na S-Class mpya ya mwaka 2020 ikaja na bodi ya sedani peke yake.

Kabla sijaiamini picha yoyote, hujiuliza kwanza kama gari linalovumishwa lina ndugu. Gari la milango miwili huuzwa kwa idadi ndogo, kwa hiyo huzaliwa pale tu ambapo gharama za chesisi, injini, dashibodi na mfumo wa nyaya zimekwisha kubebwa na gari jingine linalouzwa kwa wingi zaidi. S-Class Coupe haikosi ndugu, kwa maana S-Class yenyewe ipo; inachokosa ni wanunuzi wa kutosha, kwa kuwa wengi wenye uwezo wa kulinunua gari la aina hiyo siku hizi huchukua SUV kubwa. Makisio yangu ni kwamba ikirudi, itarudi kama toleo la magari machache yenye namba, yaliyokusudiwa wakusanyaji, na haitaonekana katika orodha ya kawaida ya mwaka mzima.

Swali: Kwa nini C-Class Coupe na E-Class Coupe ziliunganishwa zikawa CLE? Na je, CLE itapata mrithi?

Jibu: Turudi nyuma hadi mwaka 2018 tuhesabu. Mnunuzi wa wakati huo angeweza kuchagua C-Class ya milango miwili yenye paa gumu au ya paa la kukunja, E-Class ya namna hizo mbili, S-Class ya namna hizo mbili, SLC (gari dogo la wazi), SL (la wazi kubwa kuliko hilo), na AMG GT ya paa gumu au ya wazi, kutoka AMG, tawi la Mercedes-Benz la magari ya kasi. Hizo ni bodi 10. Leo zimebaki 4: CLE mbili, SL na AMG GT. Kila bodi iliyoondolewa ilikuwa na kalibu zake za kukandamizia bati, majaribio yake ya kugongwa, vibali vyake na akiba yake ya vipuri, na yote hayo yaligawanywa kwa idadi ya magari ambayo haikuwa kubwa. C-Class na E-Class za milango miwili zilikuwa zimekaribiana mno kwa ukubwa na kwa sura, kiasi kwamba mtu aliyeziona kwa mbali barabarani aliweza kukosea akaitaja moja kwa jina la nyingine, na ni dhahiri kuwa ziliwagawana wateja wale wale.

CLE Coupe ilizinduliwa Julai 2023. Ina urefu wa mita 4.85, umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma ni milimita 25 zaidi ya ule wa C-Class Coupe iliyoitangulia, na buti lake linabeba lita 420, ambazo ni 60 zaidi. Jina lake linaashiria E-Class, lakini mifupa yake iko karibu na C-Class, na zote mbili huundwa Bremen. Huyo ndiye ndugu niliyemtaja katika jibu la kwanza. Kwa kuwa C-Class huuzwa sana, CLE inaweza kuishi hata kama wanunuzi wake ni wachache.

Kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana katika mijadala ya mashabiki, nayo ni kanuni. Masharti ya Umoja wa Ulaya kuhusu ulinzi wa kompyuta za magari dhidi ya udukuzi yalianza kuyahusu magari yote mapya Julai 2024, na Porsche ikalazimika kuiondoa 718 ya petroli, gari lake dogo la michezo, katika soko hilo. Wanunuzi walikuwepo, kilichokosekana ni mfumo wa umeme wa kisasa, na kuubadilisha katika gari lililozeeka kungegharimu kuliko faida yake. Mtu anayeuliza kwa nini gari fulani zuri limekufa hudhani jibu ni mauzo tu, ilhali mara nyingi ni tarehe iliyoandikwa katika kanuni.

Kuhusu mrithi, tuangalie kalenda. Kizazi cha gari la Mercedes-Benz hukaa sokoni takribani miaka 7 au 8, na katikati yake hufanyiwa marekebisho ya taa, bampa na skrini. Kwa gari la mwaka 2023, marekebisho hayo yanaangukia katika miaka hii tuliyo nayo. CLE nyingi zinazopigwa picha zikiwa zimefunikwa mbele na nyuma tu, huku milango na paa vikiwa wazi, ni hizo za marekebisho. Gari jipya kabisa hufunikwa lote.

Swali: Kati ya gari la paa gumu na lile la paa la kukunja, lipi hutangulia kuzinduliwa?

Jibu: La paa gumu, karibu siku zote. S-Class ya milango miwili ilitangulia ya wazi kwa mwaka mzima na zaidi, na CLE Cabriolet ilionyeshwa Septemba 2023, miezi miwili baada ya mwenzake. Sababu ni kwamba la paa gumu ni rahisi kukamilisha na husaidia kugundua kasoro za mapema. Isipokuwa SL, ambayo ni gari la wazi tangu linapochorwa: ilizinduliwa Oktoba 2021, na AMG GT yenye paa gumu, ambayo imejengwa juu ya muundo ule ule, ikaifuata Agosti 2023.

Swali: Ndugu mwandishi, wewe unasema picha hizi zinasomeka. Mimi naona michoro meusi na meupe tu. Mtu anajuaje kwamba gari lililofunikwa lina paa la kukunja?

Jibu: Michoro hiyo ya mizunguko imewekwa makusudi ili jicho na kamera vishindwe kushika kingo za bodi. Chini ya karatasi hiyo ya plastiki huongezwa pia vipande vya povu au plastiki ngumu vinavyobadilisha mstari wa mabega, kuficha mikunjo ya bati, na wakati mwingine kulifanya buti lionekane refu kuliko lilivyo. Kwa hiyo usianze na umbo la jumla. Anza na maungio.

Tazama kwanza ukingo wa juu wa kioo cha mbele. Katika gari la paa gumu, bati la paa hupita pale bila kukatika hadi nyuma. Katika gari la paa la kukunja pana ufa mwembamba unaokwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa sababu hapo ndipo paa linapojifunga kwenye fremu ya kioo. Kisha shuka nyuma: kati ya kioo cha nyuma na mfuniko wa buti kutakuwa na ufa wa pili, ambao ni ukingo wa kifuniko kinachoinuka ili paa lilale chini yake. Kioo cha nyuma chenyewe huwa kidogo, nacho kimezungukwa na kitambaa. Mafundi wanajua kwamba wapigapicha wanavitafuta vitu hivyo, ndiyo maana mara nyingi kitambaa nacho huvishwa karatasi ya michoro ili kionekane kama bati. Hapo msaada wako ni mwanga. Bati lililonyooka hurudisha taswira ya mbingu kwa mstari mmoja safi, lakini kitambaa humeza mwanga, na gari likiwa mwendoni utaona kimevimba kidogo kati ya mbavu za paa.

Taa nazo zina mengi ya kueleza. Gari lenye taa za muda, za duara na zilizofungwa kwa namna inayoonekana wazi kuwa ni za kuazima, bado liko mbali na kiwanda. Taa halisi zikionekana, hata kwa nusu, vipimo vya bodi vimekwisha kufungwa na uzinduzi hauko mbali. Halafu kuna yale magari ambayo yamevaa bodi ya gari la zamani huku matairi yakitokeza nje ya mabega yake. Hayo hayatuambii lolote kuhusu sura ya gari lijalo. Kinachojaribiwa ni chesisi, mota au breki, na anayechora sura ya gari jipya kutokana na picha hizo anajitungia mwenyewe.

Mahali pia hubeba habari. Karibu na Arjeplog, kaskazini mwa Sweden, kampuni nyingi hupeleka magari wakati wa baridi kali ili kuyajaribu juu ya maziwa yaliyoganda, na kwa gari la wazi jaribio muhimu pale ni kama mpira unaozuia maji kwenye maungio ya paa unabaki laini au unakakamaa. Ukiliona gari la paa la kukunja huko, amini kwamba mradi huo umekwisha kutengewa fedha za kweli. Usajili wa jina, kinyume chake, si ushahidi mzito. Kampuni husajili majina mengi ambayo hayatatumika kamwe, na pengine lengo ni kuzuia washindani tu.

Swali: AMG GT Roadster mpya itatoka lini?

Jibu: Imekwisha kutoka, ila inaitwa SL. Kizazi cha kwanza cha AMG GT kilikuwa na toleo la wazi kwa sababu SL ya wakati ule ilikuwa gari jingine kabisa, la kustarehe zaidi. SL ya mwaka 2021 ilibuniwa na AMG yenyewe huko Affalterbach, ikapewa viti vidogo viwili nyuma na, kwa mara ya kwanza katika historia ya jina hilo, mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne. AMG GT ya sasa ni pacha wake mwenye paa. Kuleta GT ya wazi kungekuwa kuuza gari moja kwa majina mawili, na katika kampuni iliyokwisha kupunguza bodi 10 hadi 4 sioni nani angeidhinisha hilo. Pale ambapo SL bado ina nafasi ya kupanuka ni upande wa anasa, nako imekwisha kupelekwa: Maybach SL 680 ya Agosti 2024 ina viti viwili tu, na nafasi ya viti vya nyuma imefunikwa.

Swali: Je, ni kweli kwamba CLE yenye injini ya V8, yaani ya silinda 8, inakuja?

Jibu: Tetesi hii ina miguu kuliko nyingi. CLE yenye nguvu zaidi iliyo katika orodha, AMG CLE 53, ina injini ya lita 3.0 yenye silinda 6 na nguvu za farasi 449. Lakini katika Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, zimeonekana CLE zenye mabega yaliyopanuliwa, matundu makubwa ya hewa na bawa kubwa la nyuma, na vitu hivyo haviwekwi kwenye gari la kwenda sokoni kununua mboga. Kumbuka pia yaliyoipata C 63, C-Class ya AMG, ambayo iliacha V8 ikachukua injini ya lita 2.0 yenye silinda 4 pamoja na mota ya umeme. Nguvu zilipanda hadi farasi 680, lakini wapenzi wa jina hilo walilalamika kwamba sauti na tabia ya gari vimepotea, na kampuni iliyapata malalamiko hayo mapema.

Swali gumu zaidi ni kama litakuwa gari la kawaida au la toleo maalumu. Mercedes-Benz ilitangaza mwaka 2022 mpango wa magari machache kwa wakusanyaji unaoitwa Mythos, na la kwanza lilikuwa AMG PureSpeed, ambalo limetokana na SL, lina V8 ya farasi 585, halina paa wala kioo cha mbele, na juu ya vichwa vya wanaolipanda kuna upinde wa chuma kama ule ulioingia katika Formula 1 mwaka 2018. Yanaundwa 250 tu. Gari la namna hiyo linapuuzwa na wengi kama kichekesho cha matajiri, na nakiri kwamba kuendesha kwa helmeti barabara za kawaida hakunivutii, lakini linaonyesha njia ambayo kampuni imeipata ya kujaribu jambo la gharama bila kuliweka katika orodha ya kudumu. CLE ya mabega mapana naiona ikipita njia hiyo hiyo.

Kwa V8 ya orodha ya kawaida, sharti ni moja: injini hiyo iweze kutimiza masharti ya Euro 7, kanuni za Ulaya za kupunguza uchafuzi wa magari, ambayo kwa aina mpya za magari madogo yanaanza Novemba 2026, na igawanywe katika magari mengi makubwa ili gharama za kuisafisha zilipike. CLE haiwezi kuibeba peke yake.

Swali: SLK ndogo itarudi?

Jibu: Hapana, kwa kadiri ninavyoona. Ilianza mwaka 1996, ikabadilishwa jina kuwa SLC mwaka 2016, ikakoma mwaka 2020. Audi TT nayo ilifungwa mwaka 2023, na BMW ilipotaka kuendelea na Z4 ilibidi igawane gharama na Toyota, iliyopata Supra yake kutokana na mradi huo huo, na zote mbili zikaundwa na kampuni ya tatu, Magna Steyr ya Graz, Austria. Mercedes-Benz haina mshirika wa namna hiyo kwa gari dogo la wazi.

Swali: SL ijayo itakuwa ya umeme? Na kwa nini magari ya umeme yenye paa la kukunja ni machache hivi?

Jibu: Nianze na sehemu ya pili, kwa maana ndiyo inayojibu ya kwanza. Betri ya gari la umeme kwa kawaida hulazwa chini ya sakafu yote. Katika SUV hilo si tatizo, kwa sababu abiria wamekaa juu tangu hapo. Katika gari la michezo, dereva hutakiwa kukaa chini kabisa, karibu na lami, na ukimweka juu ya betri, paa nalo hupanda, na mstari mzima wa gari unaharibika. Maserati ililikwepa jambo hilo katika GranTurismo Folgore na katika GranCabrio Folgore ya mwaka 2024 kwa kuipanga betri katika umbo la herufi T, sehemu yake kubwa ikiwa katikati ya gari, ili viti vibaki chini. Ni suluhisho zuri, lakini linapunguza nafasi ya betri.

Tatizo la pili ni uzito. Paa la chuma si kofia tu. Linaunganisha nguzo za mbele na za nyuma na kulifanya gari lisijipinde. Ukiliondoa, unalazimika kuongeza chuma kwenye vizingiti vya milango, kwenye fremu ya kioo cha mbele na chini ya sakafu, na kuweka vyuma vya kuchomoza nyuma ya viti iwapo gari litapinduka. Uzito huo unaongezwa juu ya uzito wa betri. Rolls-Royce Spectre, gari la umeme la milango miwili lenye paa gumu lililozinduliwa Oktoba 2022, lina uzito unaokaribia tani 3 hata kabla mtu hajafikiria kulikata paa. Tatizo la tatu ni nafasi: paa likikunjwa linahitaji kulala nyuma ya viti, mahali hapo hapo ambapo wahandisi wangependa kuweka mota na vifaa vya umeme. Kuna faida moja ambayo watu huisahau, nayo ni kwamba kasha la betri lenyewe ni gumu na huikaza sakafu, lakini haliondoi matatizo hayo mengine.

Sasa SL. Mercedes-Benz imeinunua YASA ya Uingereza mwaka 2021, inayotengeneza mota nyembamba kama sahani, na mota tatu za aina hiyo ziliwekwa katika gari la maonyesho la AMG GT XX la Juni 2025, lenye nguvu zinazozidi kilowati 1,000. Agosti ya mwaka huo lilizunguka katika uwanja wa Nardò, Italia, umbali wa kilomita 40,075, sawa na kuizunguka dunia, kwa siku zisizofika 8. Wengi wameyasoma hayo wakahitimisha kwamba SL ya umeme iko tayari. Hawakuzingatia kwamba AMG GT XX ina milango minne, na kwamba chesisi yake imekusudiwa kwanza gari la milango minne. Teknolojia ya mota ipo na inafaa gari la chini, kwa kuwa mota nyembamba huacha nafasi. Kinachokosekana ni mteja. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kampuni ilirudisha nyuma malengo yake, ikasema kwamba magari ya umeme pamoja na haibridi za kuchajiwa yatafikia hadi nusu ya mauzo katika nusu ya pili ya muongo huu, wakati hapo awali ilizungumzia kuwa tayari kuuza ya umeme pekee kufikia mwisho wa muongo pale soko litakaporuhusu. Katika hali hiyo, gari la mwisho kugeuzwa kuwa la umeme ni lile ambalo wanunuzi wake hulinunua kwa ajili ya sauti. Nategemea SL ya petroli yenye msaada wa umeme iendelee hadi muongo ujao, na ya umeme, kama ipo, ije kando yake bila kuiondoa.

Swali: Zamani paa la chuma la kukunja lilikuwa ndiyo fahari. Kwa nini kitambaa kimerudi, na je, magari yajayo yatakuwa na kitambaa pia?

Jibu: Yatakuwa na kitambaa. SL ya mwaka 2001 na ile ya mwaka 2012 zilikuwa na paa la chuma, na katika zama zake lilipendeza kwa sababu vitambaa vya wakati huo vilipiga kelele na kuchakaa. Vitambaa vya sasa vina tabaka kadhaa pamoja na sponji ya kuzuia sauti, na mtu aliyekaa ndani ya CLE Cabriolet iliyofungwa paa anaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida kwenye barabara kuu. SL ilipoacha chuma ilipunguza kilo 21, na kilo hizo ziko juu kabisa ya gari, mahali ambapo uzito huliyumbisha zaidi kwenye kona. Paa lake hufunguka kwa sekunde 15 na la CLE kwa sekunde 20, yote mawili hata gari likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. BMW nayo ilirudi kwenye kitambaa katika 4 Series ya mwaka 2020. Chuma kilichokunjwa hula buti lote, nacho kinahitaji mabega mapana ya nyuma ili kipate pa kulala, na ndiyo maana magari mengi ya aina ile yalikuwa na makalio mazito yasiyopendeza paa linapofungwa.

Swali: Nataka gari la wazi la viti vinne. Ninunue CLE Cabriolet iliyopo au nisubiri ijayo?

Jibu: Kama unasubiri gari jipya kabisa, utasubiri miaka, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba litakuja, kwa sababu hesabu ya wanunuzi ikiwa mbaya, la wazi ndilo litakaloachwa kwanza. Kama unasubiri lile lililorekebishwa, fahamu kwamba marekebisho ya aina hiyo hugusa taa, grili, skrini na programu za kompyuta. Hayagusi paa, milango, buti wala nafasi ya miguu ya abiria wa nyuma, kwa hiyo kaa katika kiti hicho cha nyuma cha gari lililopo leo, paa likiwa limefungwa, ukiwa na mtu mrefu mbele yako. Kisha lifungue paa ulitazame buti: lita 385 za paa lililofungwa zitakuwa zimeshuka hadi 295, na kipimo hicho kitabaki vile vile katika gari lililorekebishwa.